Dinosauri mdomo-bata: mmeuliza, tunajibu

Toleo lililopita tuliweka picha ya fuvu la Edmontosaurus, dinosauri wa lile kundi la hadrosauri, wale wenye mdomo bapa kama wa bata, na kusema kweli sikutarajia inboksi ijae hivi. Nimechagua machache, wengine mtanivumilia.

Mwalimu, kijana wangu wa Gredi 5 amekaza ati hawa walikuwa wanaogelea kutwa na kula majani ya majini. Nilimwambia sawa ili nipike kwa amani. Ni kweli? – Mama wa watatu, Donholm

Mama, mtoto hajaitoa hiyo hewani, hata wanasayansi waliiamini miaka na mikaka. Shida ilianza na huo mdomo, halafu 1908 familia ya Sternberg ikachimbua huko Wyoming, Marekani, Edmontosaurus aliyekaukia mahali mpaka alama za ngozi yake zikabaki kwenye mwamba, na kati ya vidole vya mkono kulikuwa na kitu kama utando, basi watu wakasema si ndio hii sasa, makasia haya! Baadaye ikajulikana ni nyama ya kukanyagia tu iliyosinyaa. Mkia nao ulikuwa umekazwa na kano zilizogeuka mfupa, kwa hivyo kuupiga huku na huku majini ingekuwa kazi. 1964 mtafiti wa dinosauri John Ostrom akaandika wazi kwamba hawa ni wala mimea wa nchi kavu. Hata vinyesi vilivyogeuka mawe huko Montana, vile vinavyodhaniwa ni vyao, vimejaa mbao zilizooza za miti ya jamii ya msonobari.

Na mdomo wenyewe haukuwa laini hata kidogo. Ncha yake ilifunikwa na keratini, ile ile ya kucha zetu, na kuna fuvu liko Los Angeles ambapo hiyo keratini inaonekana imeshuka chini kupita mfupa, yaani ilikuwa ya kukatia. Mbele hakuna meno kabisa. Meno yako nyuma kwenye mataya, mamia kwa mamia, yamepangana safu kwa safu na yameshikana, ya juu yakilika ya chini yanasukuma kuchukua nafasi. Ni kisiagi ambacho mawe yake yanajibadilisha yenyewe. 2012 watafiti walipolipasua jino la hadrosauri na kulipima walikuta aina 6 za tishu ndani yake, wakati la farasi lina 4. Mimi hapo ndipo ninapowapenda hawa wanyama, wacha hiyo stori ya bata.

Boss, nimemaliza form four na nataka kusomea hii kitu. Swali langu ni moja, DNA haipo, sasa wanajuaje huyu ametokana na yule na si kubahatisha? – Kijana wa Kayole

Kijana wangu, hili ndilo swali lenyewe. Wanafanya kazi ya kuchosha sana, wanachukua kila mfupa na kuuandikia sifa zake, kidole gumba kipo au hakipo, meno mangapi kwa kila safu, tundu la pua limeishia wapi, mamia ya sifa kama hizo kwa kila mnyama, halafu wanalisha kompyuta na kompyuta inatafuta mti wa ukoo unaohitaji mabadiliko machache zaidi. Ukipata mnyama mpya unamwongeza na mti unaweza kupinduka wote, na hakuna anayeona haya, ndivyo kazi ilivyo.

Mifano iko hapa kwetu Afrika. Tendaguru, kule Lindi, Tanzania, kulitoka Dysalotosaurus, kadinosauri kadogo ka miaka kama milioni 150 iliyopita, kembamba, kakimbizi, na kako kwenye ukoo mpana uliokuja kuzaa hadrosauri, ingawa si babu yao wa moja kwa moja. Njoo mbele mpaka Niger, miaka zaidi ya milioni 110 iliyopita, unamkuta Ouranosaurus aliyepewa jina na Philippe Taquet 1976. Huyu tayari mdomo umeanza kuwa bapa ila bado ana mwiba wa kidole gumba kama Iguanodon, dinosauri mwingine wa ukoo huo mpana. Ukifika kwa hadrosauri wenyewe kidole gumba kimepotea kabisa na meno yamezidi kuwa mengi. Unaona kitu kinavyobadilika kidogo kidogo?

Sasa mtego uko kwenye umri. Zamani kulikuwa na hadrosauri wadogo walioitwa Procheneosaurus, watu wakidhani ni jamii ya peke yao, mpaka 1975 Peter Dodson alipopima mafuvu na kuonyesha kwamba ni watoto wa Corythosaurus na Lambeosaurus, upanga wa kichwani, kama ule wa jogoo, ulikuwa haujaota tu. Ndio maana siku hizi wanakata mfupa na kuhesabu mistari ya ukuaji ndani yake. Maiasaura, hadrosauri wa Montana, alifanyiwa hivyo, miundi 50 ikakatwa, na matokeo yakatoka 2015: karibu 90% ya watoto walikufa kabla ya mwaka wa kwanza, na waliobaki wakawa tayari kuzaa kama mwaka wa 3. Yaani mnyama wa miaka milioni 76 iliyopita ana rekodi kushinda ng'ombe wengi wa huku kwetu.

Ukiuliza uanzie wapi, anza na jiolojia au baiolojia, Chuo Kikuu cha Nairobi jiolojia ipo. Halafu usidharau data za bure, kuna mtoto wa Parasaurolophus, hadrosauri mwenye upanga mrefu kichwani, aliyeonwa na mwanafunzi wa sekondari huko Utah 2009, na skeni zake za 3D ziliwekwa kwenye intaneti bure kabisa, unaweza kulizungusha hilo fuvu ukiwa hapo hapo Kayole bora uwe na bando.

Ule upanga mrefu wa Parasaurolophus ni wa kupumulia chini ya maji? – Msomaji, South B

Hapana, nchani hakuna tundu. Ndani kuna mirija inayotoka puani inapanda mpaka mwisho na kurudi, na 1981 David Weishampel alionyesha ingeweza kutoa sauti nzito. Huyo mtoto wa Utah, ambaye hakufika hata mwaka, alikuwa na kanundu tu.

Kwani Afrika hawakufika? Kila kitu Montana, Alberta, China. – Dada wa Ngara

Walifika dada, na ilishangaza wengi. 2020 alitangazwa Ajnabia kutoka migodi ya fosfeti ya Moroko, na 2024 akafuata wa pili, Minqaria bata (ndio, bata). Wote wadogo, kama mita 3 hivi, wakati Shantungosaurus wa China alifika mita 15 hivi. Kinachosumbua kichwa ni kwamba Afrika wakati huo ilizungukwa na bahari, na ndugu zao wa karibu wako Hispania na Ufaransa, kwa hivyo lazima kuna waliovuka maji, wakiogelea au wakielea juu ya magogo. Kwa hiyo yule kijana wa Donholm mwambie kidogo alikuwa na pointi.

Kenya hadrosauri bado hajapatikana, lakini mifupa ya dinosauri wengine imetoka kwenye mawe ya mchanga kule Lokitaung, Turkana. Watu wanaokwenda kule wengi wanatafuta binadamu wa kale, na hayo mawe ya dinosauri ni ya zamani zaidi mno, hayajachunguzwa vya kutosha kwa maoni yangu.

Nikiokota mfupa wa dinosauri nikiwa Turkana naweza kuuza? – Dereva wa lori, Eastleigh

Usijaribu ndugu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inataka uripoti, na kuchimba bila leseni ni kosa. Usiuguse, piga picha, weka kitu kando yake kionyeshe ukubwa, chukua lokesheni kwa simu, upeleke habari Makavazi ya Kitaifa. Mfupa ukishatolewa mahali pake bila kuandikwa ulikuwa kwenye tabaka gani la mwamba, umri wake hatuwezi tena kuujua vizuri, na hata mnunuzi mwenye akili atakuuliza hilo hilo.