FFmpeg kwenye Android na simu inayochemka
Mkuu, umesema umekompaili FFmpeg (maktaba ya kodi ya kufungua na kuchakata video) kwa ajili ya plea yako ya Android, video ya 1080p inacheza fresh ila simu inachemka kama pasi na chaji inaisha fasta. Hapo prosesa kuu ndo inabeba kazi yote, chipu ya kufungulia video imekaa tu haina habari. Hii ilinilia siku mbili nzima. Wakati wa kukompaili, --enable-mediacodec (inawasha MediaCodec, njia ya Android ya kuitumia hiyo chipu) peke yake haitoshi, weka na --enable-jni (daraja kati ya kodi ya C na Java), halafu kwenye kodi ya C uite av_jni_set_java_vm (inaionyesha FFmpeg mashine ya Java ya programu yako) kabla hujafungua dekoda, yaani kifungua video, na dekoda yenyewe uitaje kwa jina, kwa video za H.264 ni h264_mediacodec, maana usipoitaja unaweza kupewa ile ya kawaida, ya prosesa kuu, kimyakimya na wala huoni erori. Alafu fremu usizirudishe kwenye memori ya kawaida, moja ya 1080p ni kama MB 3, piga mara 30 kwa sekunde, karibu MB 90 unazibeba bure kabisa, zipeleke moja kwa moja kwenye Surface (sehemu ya Android ya kuonyeshea picha). NEON (maelekezo ya prosesa za ARM ya kuharakisha hesabu) we iache ilivyo. Ila simu za bei chee dekoda zao zina vituko, kwa hiyo ile ya kawaida usiing'oe, iwe akiba.