Figo ya nguruwe kwa binadamu, ni kweli?

SWALI: Kaka yangu figo zote mbili zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nimesikia kuna hospitali Boston walimpandikiza mtu figo ya nguruwe, ni kweli au maneno ya watu tu? Na kwanini mimi ndugu yake wa damu naambiwa hata nikimpa yangu atakunywa dawa maisha yake yote?

JIBU: Pole sana dada kwa kuuguza. Ni kweli kabisa, Machi 2024 hospitali ya Massachusetts General ilimwekea mgonjwa wa miaka 62 figo ya nguruwe na ikaanza kutoa mkojo, akaishi kama miezi miwili hivi ndo akafariki, hospitali ikasema haijaona dalili kwamba figo ndo ilimuua.

Sasa hilo la dawa ndo kiini chenyewe. Kuunga mishipa madaktari walishaweza zamani sana, kinachosumbua ni kinga ya mwili, ikiona figo ngeni inaishambulia mpaka ife. Ndo maana upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, mwaka 1954 hukohuko Boston hospitali ya Peter Bent Brigham, Dk. Joseph Murray alichukua figo ya pacha akampa pacha mwenzake wa kufanana, mwili haukuona ugeni wowote na aliyepokea akaishi miaka 8 zaidi. Wewe na kaka yako hamko hivyo, hata vipimo vikilingana vizuri lazima dawa za kutuliza kinga, na asije akaziacha eti kwa sababu anajisikia mzima, hapo ndo watu wanapoteza figo nzuri, inaniuma kila nikisikia.

Nguruwe ni mgeni zaidi ya hapo, ndo maana yule walimfanyia mabadiliko 69 ya vinasaba, 3 vya kwake vikaondolewa, 7 vya binadamu vikaongezwa, kwingine kote ni kuzima virusi vilivyojificha humo ndani. Na bado mgonjwa alikunywa dawa!

Kwa hiyo msikae kusubiri nguruwe, bado ni majaribio. Nenda kapimwe, wataangalia presha, sukari, figo zako zenyewe. Yako itawekwa chini ya tumbo karibu na kinena, zake za zamani mara nyingi haziguswi, na hiyo moja utakayobaki nayo itaongeza kazi. Ila ukiwa na daktari peke yenu na moyo hautaki, mwambie, una haki ya kukataa hata asubuhi ya operesheni.