Lida ya paiki: maswali yenu, na waya usio na mjadala

Barua za safari hii karibu zote zinahusu lida ya kuvulia paiki, yule samaki mwindaji wa mito na maziwa ya kaskazini: ni kile kipande kinachounganisha mshipi mzito na nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya. Nimechukua zinazojibika. Waliouliza "lida gani ni nzuri?" bila kusema mshipi unaelea au unazama, fimbo ni namba ngapi (namba ya uzito wa mshipi inaoubeba) na nzi ana urefu gani, wamejinyima jibu wenyewe.

Nimeambiwa uzi mnene wa plastiki ya fluorokaboni unatosha, na paiki hauoni. Waya mwishoni mwa lida wa nini tena?

Swali hili halichoki kurudi, kwa hiyo ngoja tulijibu kwa kirefu, tupumzike.

Mfungue paiki kinywa umtazame. Kwenye kaakaa kuna mamia ya meno madogo yaliyolala kuelekea kooni. Hayo kazi yake ni kushika, kitu kiingie kisitoke. Hatari iko kwenye taya la chini, pembeni. Pale meno ni machache, marefu na yana makali ubavuni. Uzi uliokazwa ukilala juu ya jino la namna hiyo huku samaki akitikisa kichwa, unakatwa kama kwa wembe. Fluorokaboni ya milimita 0.60 hukatwa. Ya 0.80 hukatwa. Ya 0.90 hustahimili samaki kumi, ukajiona mjuzi, kisha anakuja wa kilo mbili aliyejigeuza vibaya na kuondoka na kila kitu.

Kuhusu kutoonekana: kipimo cha kupinda mwanga cha maji ni 1.33, cha fluorokaboni ni kama 1.42, cha nailoni ni zaidi ya 1.5. Maana yake fluorokaboni imeyakaribia maji kuliko nailoni, lakini haijayeyuka humo. Uzi wa karibu milimita moja unaonekana wazi, pengine kuliko waya wa kilo 9 (yaani unaokatika ukivutwa kwa uzito huo) ambao unene wake haufiki nusu milimita. Na paiki anayerukia nzi wa sentimita 20 mwenye manyoya ya rangi ya chungwa na nyuzi za kumetameta hana muda wa kukagua amefungiwa nini. Akifuata hadi ubavuni mwa mashua kisha akageuka, badilisha mwendo wa kuvuta: simamisha, vuta kwa ghafla, geuza upande. Waya hauna kosa hapo.

Najua mtanijibu kwamba wavuvi wa maski, yule binamu mkubwa wa paiki huko Amerika Kaskazini, wanatumia fluorokaboni. Wengi wanaitumia, ndiyo, ya kilo 36 hadi 60, isiyokubali fundo la kawaida vizuri na ambayo wengi huibana kwa vibomba vidogo vya chuma badala ya kuifunga. Aliyeniandikia ana ya kilo 18.

Uzi ukikatwa, wewe umepoteza nzi mmoja. Samaki amekwenda na ndoana kubwa kooni, na manyoya yaliyolowa yakiziba njia ya chakula. Waya unafungwa kwa ajili yake yeye. Asiyekubali hilo avue samaki wasio na meno.

Uzi wa kusuka wa kilo 30 je? Ni mwembamba na una nguvu.

Hapana. Nguvu ya kuvutwa si nguvu ya kukatwa.

Nataka kujitengenezea lida nzima ya mshipi unaoelea, fimbo namba 9. Nianzie wapi?

Huyu ameuliza kama mtu. Lida ya paiki haihitaji kupunguzwa unene hatua sita kama ya samaki aina ya trauti, kwa sababu nzi ni mzito na paiki hatishwi na kishindo kidogo. Vipande vitatu vinatosha: mita 1.2 ya nailoni ngumu ya milimita 0.60, kisha sentimita 50 za nailoni ya 0.50, kisha waya wa sentimita 40. Jumla ni kama mita mbili na kidogo. Ukiona uvivu, mita 1.6 ya nailoni moja ya 0.55 badala ya vipande viwili vya juu itakufaa karibu sawasawa.

Upande wa mshipi weka kitanzi kidogo. Nailoni mbili ziunganishe kwa fundo la daktari: ziweke sambamba, piga kitanzi, pitisha ncha zote mbili ndani yake mara mbili, lowesha kwa mate, vuta ncha nne kwa pamoja. Fundo lisiloloweshwa hupata joto linapokazwa na nailoni hudhoofika papo hapo. Ukiona imegeuka nyeupe au imejikunja kama mkia wa nguruwe, kata urudie.

Kutoka nailoni kwenda waya kuna njia mbili. Ya kwanza ni swiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka) ndogo ya kilo 20, fundo upande mmoja, waya upande wa pili. Ni rahisi, na kuuondoa waya ulioharibika hakugusi sehemu ya juu. Ya pili ni fundo la Albright, kwa waya laini unaofungika. Kunja waya ujirudie sentimita 8. Ingiza nailoni ndani ya mkunjo huo, izungushe mara nane hadi kumi juu ya nyaya zote mbili na juu ya nailoni yenyewe, ukirudi kuelekea ncha ya mkunjo. Mwisho itoe kupitia mkunjo kwa upande uleule ilikoingilia. Hapa ndipo wengi hukosea: wakiitoa upande wa pili fundo linaonekana zuri mezani, kisha linateleza kwenye samaki wa kwanza mwenye uzito. Mizunguko ilale mmoja baada ya mwingine, isipandane. Kaza polepole, kata vibaki, tia tone dogo la gundi ya supaglu kuulainisha mpito.

Chini ya waya weka klipu ya kushikia nzi, halafu usimfunge nzi kabla hujaipima lida. Ning'iniza klipu kwenye msumari, shika mizani ya ndoano upande wa pili, vuta hadi kilo 8 na uhesabu hadi kumi. Lida isiyovutwa nyumbani itavutwa na samaki. Ni afadhali kucheka mwenyewe sebuleni.

Mshipi wangu unazama. Nitumie lida ileile?

Ukitumia ya mita mbili, mshipi utakuwa chini na nzi atakuwa juu anaogelea peke yake, hasa akiwa wa manyoya yanayoelea. Fupisha: mita 1 hadi 1.2 pamoja na waya. Kwa mshipi wa kuzama haraka sana hata sentimita 90 zinatosha.

Nzi wangu anaanguka kama soksi iliyolowa, lida yote imejikusanya juu yake. Je, ni waya mzito?

Mara chache ni waya. Mara nyingi ni nailoni laini mno ya kuanzia. Mshipi una nguvu ya kutosha, lakini nguvu hiyo ikifika kwenye uzi mwembamba unaonyumbulika inakufa kabla haijamfikia nzi. Nailoni ya juu iwe ngumu na unene wake usipishane sana na ncha ya mshipi. Fluorokaboni nene, ambayo nimeisema vibaya hapo juu, inafaa sana sehemu hii. Fupisha lida kwa sentimita 30 ujaribu tena. Kisha mtazame nzi mwenyewe: akinywa maji kama sponji, hakuna lida itakayomnyoosha. Ondoa nusu ya manyoya.

Waya upi: wa nyuzi saba, wa nyuzi 49, uliovikwa plastiki, au wa titani?

Wa nyuzi 49, yaani vikundi saba vya nyuzi saba, ndio wa kuanzia. Ni laini, unafungika kwa mkono, na wa kilo 9 hadi 13 unatosha kwa karibu kila nzi wa paiki. Wa nyuzi saba tu ni mgumu zaidi, unapata kikunjo mapema, na kikunjo kwenye chuma hakinyooki: unaweza kukisugua hadi kionekane kimenyooka, lakini pale ndipo utakapokatika. Tupa.

Uliovikwa plastiki una raha yake kwa sababu unaungwa kwa moto. Pitisha kwenye klipu, zungusha ncha juu ya waya mkuu mara sita, pitisha kiberiti cha gesi kwa haraka chini yake hadi plastiki ing'ae na kushikana. Ikigeuka nyeusi umechelewa. Chuma kilichochomwa hupoteza ugumu wake na huvunjika bila onyo. Na meno yakishachana plastiki, maji huingia na kukaa ndani, kutu ikaanza mahali usipopaona.

Titani haipati kikunjo kirahisi, inanyooka samaki baada ya samaki, na inavutika kidogo kabla ya kukatika. Ni ghali kuliko chuma, lakini hudumu. Kasoro yake ni moja: inapochoka hukatika ghafla, karibu kila mara pale kwenye fundo. Kata fundo na ulifunge upya baada ya siku kadhaa za kazi, hata kama linaonekana zima.

Fundo la umbo la nane ndilo la nyaya zote zinazofungika. Ncha ipite kwenye tundu la klipu, ipite nyuma ya waya mkuu, irudi mbele na kuingia kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu. Sasa kaza kwa kuvuta ile ncha fupi kwa koleo. Ukikaza kwa kuvuta waya mkuu, utajisokota kama chemchemi, kisha mtaniandikia kwamba mmeuziwa waya mbovu.

Vibomba vyangu vya kubana vinateleza. Nibane kwa nguvu zaidi?

Ukizidisha nguvu utaukata waya ndani ya kibomba na hutajua. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kibomba ni kikubwa mno: nyaya mbili ziingie kwa kubanana, zisicheze. Koleo ni la kawaida lenye meno: tumia koleo la kubania lenye vijishimo laini, lile jingine linatoboa. Na unabana hadi mwisho: bana katikati, acha ncha zote mbili za kibomba wazi kidogo, kwani ukingo uliobanwa ndio unaoukata waya. Kwa waya mwembamba pitisha ncha mara ya tatu ndani ya kibomba kabla ya kubana. Ncha ibaki imechomoza milimita moja.

Kitanzi cha mshipi kimekatwa na kitanzi cha lida. Bidhaa mbovu?

Uliviunganisha vibaya. Vitanzi viwili vikikutana sawasawa huonekana kama mikono miwili iliyoshikana. Kimoja kikijifunga juu ya kingine kama tai shingoni, nailoni ngumu itaukata mshipi laini. Fungua, sukuma, kaza tena huku unatazama.

Naweza kutumia lida ya trauti nikaongeza waya mwishoni?

Ncha ya milimita 0.20 kwa paiki? Soma barua yako tena.

Nzi akinasa kwenye gogo nafanyaje ili nisipoteze lida yote?

Kwanza jua kiini cha mshipi wako kinakatikia kilo ngapi. Mingi iko kati ya 9 na 14. Lazima kitu kingine kwenye mnyororo kikatike kabla yake, la sivyo utaacha mshipi mzima majini pamoja na nzi. Kama kiini ni cha kilo 9, hiyo nailoni ya 0.50 niliyoitaja ina nguvu mno kwako, shuka hadi 0.40. Kumbuka pia kwamba fundo hula sehemu ya nguvu, kwa hiyo namba ya kwenye kibandiko si namba ya majini.

Fimbo ielekeze moja kwa moja kwenye gogo na uvute kwa mshipi, usiipinde. Fimbo nyingi huvunjikia hapo na si kwenye samaki. Usizungushe mshipi mkononi mtupu, na waya usiuguse kabisa unapovuta. Uzungushe mshipi kwenye kipande cha mti au kitambaa kinene, rudi nyuma taratibu.

Nibadilishe waya mara ngapi?

Baada ya kila samaki, chukua pamba kidogo uipitishe juu ya waya kuanzia klipu kwenda juu. Uzi mmoja uliokatika utanasa pamba hata kama macho hayauoni. Ukinasa, badilisha. Halafu endelea na vidole kwenye sentimita 20 za nailoni zilizo juu ya waya, maana paiki mkubwa akimeza nzi kuanzia kichwani au akijiviringisha, ukingo wa matamvua na meno ya mbele hufika pale. Ukihisi mkwaruzo, kata na ufunge upya. Mikwaruzo ikiwa inatokea kila mara, waya wako ni mfupi: ongeza hadi sentimita 50.

Beba nyaya tano au sita zilizokwisha kufungwa, kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki, umekunjwa duara la upana wa kiganja. Ukivua kwenye Bahari ya Baltiki, ambako paiki huishi kwenye maji yenye chumvi kidogo, suuza nyaya na klipu kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuzirudisha, na ukaushe mifuko pia. Klipu ndiyo inayoshika kutu kwanza, ndani ya mkunjo. Na pamoja na nyaya hizo beba koleo refu la kutolea ndoana na koleo la kukatia chuma. Kama huna hayo mawili, usifunge nzi wa paiki kabisa.