Mume yuko Lindi, viza ya mke inaombwaje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Lindi, nina miaka 29. Mume wangu ni Mjerumani, fundi wa mitambo ya maji. Tunaishi wote Mitwero tangu 2021, na ndoa tulifunga bomani 2023. Mkataba wake unaisha Juni, tumeamua kuhamia kwao. Sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema mume lazima atangulie akae kule miezi sita ndipo mimi niruhusiwe kuomba viza. Rafiki yangu anasema niingie kwa viza ya matembezi, mengine yatamalizikia hukohuko. Na mume mwenyewe ana wasiwasi kwa sababu kule hana kazi wala nyumba, kuna nyumba ya mama yake tu. Nani mkweli?
*Mke wa fundi, Lindi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo rafiki yako, maana ndiye atakayekutia hasara mapema. Viza ya matembezi ni ya siku 90, na haikuandikiwa mtu anayekwenda kuishi. Mke anayemfuata mume anatakiwa aingie na viza ya kitaifa, yaani ya kukaa muda mrefu, iliyoombwa kwa kusudi hilo hilo, kabla ya safari. Ukifika na ile nyingine ukasema "basi nabaki", jibu la kawaida ni urudi Dar ukaanze upya, nauli juu yako. Na nauli yenyewe si ya basi la Lindi kwenda Mbagala.

Jirani naye amesikia kengele, hajui imelia wapi. Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 28, inasema mke wa Mjerumani hupewa kibali iwapo huyo Mjerumani ana makazi yake ya kawaida Ujerumani. Makazi ya kawaida, basi. Haikutaja miezi sita wala mitatu. Watu wakilisikia neno "makazi" wanaanza kuhesabu siku kama mtu aliye edani, kumbe kinachoulizwa ni hiki: ukishuka kwenye ndege, nyumba yenu iko wapi, na mumeo yumo? Wanandoa wanaohama pamoja wanakubalika, mradi waoneshe kwamba wanahama kweli, si kwamba mke anatangulizwa na mume anabaki Mitwero akila korosho.

Hapa niseme yaliyonikuta, maana ndiyo sababu nakujibu kwa kirefu.

Mwaka 2011 nilikuwa Mikindani, na mzee wangu, yaani mume wangu Mjerumani, pale pale. Alipohama kwao kuja huku alikuwa amefuta jina lake kwenye daftari la wakazi, kama sheria yao inavyomtaka anayeondoka. Sote wawili hatukulikumbuka hilo. Nikapeleka maombi ubalozi wa Ujerumani Dar, yakasafirishwa hadi ofisi ya wageni (ya uhamiaji) ya mji tuliokusudia kuhamia, kwa kuwa ofisi hiyo lazima iridhie kabla viza haijatoka. Wakafungua daftari lao. Mume hayumo. Miezi minne kimya. Mama yangu akaanza kuuliza kama kuna mtu kanifunga. Mwishowe ikaja barua ya mistari miwili: mume wako anaishi wapi?

Mzee akapanda ndege, akalala kwenye chumba cha stoo kwa dada yake, akaenda ofisi ya kuandikisha wakazi, akatoka na karatasi moja: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, tarehe aliyohamia, muhuri. Akaniskania, nami nikaichapa kwenye duka la intaneti Mtwara mjini kwa shilingi 500. Wiki chache baadaye simu ikalia. Miezi minne ya presha, dawa yake ilikuwa karatasi ya shilingi 500.

Kwa hiyo fundi wako akitangulia hata wiki tatu, akajiandikisha kwa mama yake, mimi ningeona hiyo ndiyo njia nyepesi. Kule anayehamia nyumba anapaswa kujiandikisha ndani ya wiki mbili, na mwenye nyumba humpa hati ya kuthibitisha kwamba kweli amehamia. Mwenye nyumba ni mama mkwe wako, kwa hiyo mpigie simu leo, msalimie vizuri. Wewe huku huna haja ya kumsubiri mumeo ndipo uanze kukusanya vyeti.

Kama hamtaki kuachana hata siku moja (nawaelewa, miaka miwili ya ndoa bado mbichi), basi mtaje wazi kwenye maombi kwamba mnahama pamoja, na ushahidi useme hivyo: barua ya mama mkwe kwamba chumba kipo, mkataba wa kazi wa mumeo unaoonesha mwisho ni Juni, taarifa mliyompa mwenye nyumba Mitwero kwamba mnaondoka, na barua za kuomba kazi kule kama ameshaandika. Inawezekana kabisa, ila utaulizwa zaidi.

Wasiwasi wa mumeo kuhusu kazi upungue. Kwa mke wa Mjerumani, sheria kwa kawaida haishikilii kipato. Mumeo angekuwa Mtanzania au mgeni mwingine anayeishi kule kwa kibali, hapo wangepima mshahara na hata ukubwa wa nyumba, na wewe ungelipa euro 75 za viza. Mke wa Mjerumani halipi ada hiyo. Ukiona mtu anakudai "ya ubalozi", shika pochi yako.

Jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo litakalokuchelewesha kuliko makazi, ni lugha. Wote wawili muwe mmetimiza miaka 18, hilo limepita. Lakini wewe unatakiwa uoneshe Kijerumani cha mwanzo, ngazi ya A1, kabla ya kuondoka. Misamaha ipo, kwa mfano kwa mgonjwa au mlemavu asiyeweza kujifunza, lakini kuwa mwalimu wa chekechea peke yake hakukusamehi. Yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, mliyepakana naye hapo Lindi, alichimbwa kuanzia 1909 akapelekwa Berlin na amesimama makumbusho hadi leo bila cheti cha A1. Sisi wengine tunafanya mtihani.

Taasisi ya Goethe pale Dar wanafundisha na kutahini. Alama za kufaulu ni 60 kwa 100. Kuna kusikiliza, kusoma, kuandika, na kuzungumza. Kwenye kuzungumza utajitambulisha, utaambiwa utaje herufi za jina lako moja moja, kisha namba. Hapo ndipo watu wa kwetu wanapoteleza. Ukiitwa Mwajuma utasema em, ve, a, yot, u, em, a. Hiyo "w" wanaiita ve, na "v" wanaiita fau. Namba nazo wanazigeuza: sisi ishirini na tano, wao tano na ishirini. Mimi nilifanya mazoezi kwa kusoma namba za simu zilizoandikwa kwenye vibanda vya Mpesa, dereva wa bodaboda akadhani nasoma dua.

Ukipata miadi Dar, usiondoke Lindi jana yake. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara Somanga, watu walikwama njiani na makaratasi yao mkononi. Ondoka siku mbili kabla, lala kwa ndugu. Beba cheti halisi cha ndoa pamoja na nakala zake, na ukague jina lako herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na pasipoti. Kama kimoja kinasema Asha na kingine Aisha, kashughulikie RITA (wanaosajili vizazi na ndoa) sasa, usingoje Juni.

SWALI: Mama, mimi ni kijana wa Newala, mke wangu ni Mjerumani na yuko kwao. Nafanya biashara Pemba, Msumbiji, napitia daraja la Mtambaswala. Naweza kuombea viza ubalozi wa Maputo?
*Mfanyabiashara*

JIBU: Kwa mkeo hakuna tatizo, makazi yake yako kule. Linaloulizwa ni lako. Viza hii huombwa kwenye ubalozi wa nchi unayoishi kihalali. Kama una kibali cha ukaazi cha Msumbiji na umekaa huko kweli, Maputo wana sababu ya kukupokea. Kama unagongewa muhuri wa siku chache Mtambaswala, unauza mzigo na kurudi, kwako ni Newala, na ubalozi wako ni wa Dar es Salaam. Isitoshe, Pemba hadi Maputo ni mbali zaidi ya mara mbili ya Newala hadi Dar. Na Kijerumani umefikia wapi? Hukusema.