Marafiki hawaingii kwenye seva yangu

SWALI: Nimeweka seva ya Minecraft, toleo la Java, kwenye kompyuta yangu. Mdogo wangu anaingia kwa Wi-Fi ya nyumbani, lakini marafiki wa mbali hawawezi. Nifanyeje?

JIBU: Kwa kuwa mdogo wako anaingia, seva yenyewe ni nzima, kinachozuia, kwa kawaida, ni ruta, ambayo haijaelekezwa kupeleka maombi ya mlango namba 25565 (yaani "port", njia ya mtandao ambayo seva ya Minecraft hutumia kwa kawaida) kwenye kompyuta yako. Rekebisha hilo katika mipangilio yake, kisha uwape marafiki anwani yako ya nje, yaani anwani ya IP ambayo ruta yako inaonekana nayo kwenye intaneti. Ikiwa kampuni ya intaneti inawagawia wateja wengi anwani moja, jambo la kawaida kwa intaneti ya simu, ruta haitasaidia. Iombe kampuni hiyo anwani ya umma, yaani isiyotumiwa na wateja wengine. Tafadhali sana, kabla ya kufungua mlango, andika white-list=true katika faili la server.properties, ili waingie wale tu uliowaandika kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, wakiwemo marafiki hao na mdogo wako.