Barua kwa mwanangu: Benz, Crown na mpira wa rejeta

Tabora, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta dukani Alhamisi, wateja wamejaa mpaka barazani, nikausoma nusu nikaufunga. Usiku nikavaa miwani nikausoma wote. Umeandika: "Mama, umeuza spea miaka yote hiyo, niambie ukweli. Nimemaliza chuo, kazi nimepata, akiba ninayo, nataka gari lenye hadhi. Benz C200 ya 2010 au Toyota Crown Athlete ya mwaka huohuo, ipi haitaniangusha?" Halafu ukaweka picha nne za Benz na moja ya Crown, tena hiyo moja imepigwa kwa nyuma. Nimekuzaa mimi, moyo wako nimeuona ulipo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Nianze na la dukani, maana hilo ni jepesi. Msemo wangu unaujua na najua utaguna ukiusoma: gari ni spea. Crown hiyo ina injini ya 4GR, cc 2,500, silinda sita. Injini hiyohiyo imo kwenye Mark X, imo kwenye Lexus IS250. Mtu akiniomba plagi, koili au pampu ya maji ya Mark X nageuka tu nyuma yangu, vipo. Akiniomba ya Benz napiga simu Dar, wa Dar anapiga kwa mwenzake, jioni ananiambia, "Mama, ipo, ila used." Imetoka kwenye gari gani, na gari hilo lilikufa kwa nini, hapo hakuna wa kukujibu.

Lakini wewe huishi Tabora. Uko Dar, kwenye maduka ya spea ya Gerezani kwa daladala unafika, na mafundi wa Benz wenye mashine za kupimia wamejaa huko. Kwa hiyo nusu ya hoja yangu imeshakufa kabla sijamaliza kuinywea chai. Nusu iliyobaki ni kwamba Desemba utakuja nyumbani, na hutakubali kupanda basi wakati una gari. Ukishatoka Itigi kuja huku, lami ipo, namshukuru Mungu, ila pembeni ni pori tu. Pale hata nyuki hawana fundi.

Sasa sikiliza ya kiufundi, nitayasema mara moja. Hiyo C200 injini yake ni M271, na ugonjwa wake ni taimingi cheni, ule mnyororo wa ndani unaopanga valvu zifunguke lini. Inalegea. Ukitaka kuijua, nenda alfajiri, na umwambie mwenye gari asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, kabla hata ya salamu weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ondoka, kuna anachokuficha. Ikiwa ya baridi, mwambie awashe, usikilize zile sekunde za mwanzo: ukisikia mkwaruzo kama njugu zinatikiswa kwenye bati, hiyo ni cheni. Benz hizo pia zina kufuli la stelingi la umeme. Siku likiamua kufa, gari zima liko salama, injini nzima, betri nzima, lakini ufunguo haukusaidii kitu. Unabaki umekaa ndani ya gari la hadhi kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Crown nayo isijione. Ile 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziogi petroli kama kwenye injini za zamani. Masizi yanajijenga, na baada ya miaka gari halitulii kwenye sailensa, linatetemeka kwenye taa nyekundu. Usafishaji wake upo, ila siyo wa kumwaga dawa kwenye tangi kama watakavyokudanganya.

Kama ungeagiza Japani ningekwambia pia ya TRA, kwamba ushuru wa bidhaa kwa cc zaidi ya 2,000 ni asilimia 10 na kwa cc kati ya 1,000 na 2,000 ni asilimia 5. Hapo Benz imeshinda Crown, andika. Na karatasi ya mnada kule Wajapani hawaoni haya: gari lililogongwa likatengenezwa wanaliandika R. Lakini naona hiyo Benz ya picha iko hapohapo Dar, tena namba yake ya usajili ni ya herufi D. Maana yake matuta yetu imeshayaonja miaka mingi. Dalali amekuandikia kilomita 78,000, na mimi nimeikuza ile picha ya ndani: ngozi ya stelingi imeng'aa kama kiti cha kinyozi. Kilomita zinarudishwa nyuma, mwanangu, ngozi hairudi.

Basi. Hayo ungeweza kuyapata kwa fundi yeyote, hata bila kumwamsha mama yako. Kilichoninyima usingizi ni lile neno lako, haitaniangusha.

Unaijua Benz ya baba yako. Au niseme, unalijua banda la kuku la baba yako, maana ulipozaliwa uliikuta chini ya mwembe, tairi hazina upepo, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Ulikuwa unakaa mbele unazungusha stelingi na kupiga honi kwa mdomo. Nikiziangalia hizi picha zako nne najua mtoto wangu alianzia wapi, na sina wa kumlaumu.

Ile ilikuwa Benz 200, zile za pande nne ambazo kiwandani walizipa jina W123. Aliinunua 1997 kwa mgeni mmoja wa mambo ya tumbaku aliyekuwa anarudi kwao. Fedha yenyewe ilikuwa ya mabati. Nasema hivi bila hasira, miaka imepita. Hapana, hasira ipo, kidogo. Tulikuwa tumekubaliana kuezeka vyumba viwili vya nyuma, nikaenda sokoni nikarudi nikakuta gari la bluu uani na baba yako amesimama kando yake, ameshika kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Wiki tatu sikumsemesha. Nilipika, nikafua, nikamwekea maji ya kuoga, ila neno hakulipata.

Nilisema tena na mume wangu siku ya harusi ya shangazi yako kule Urambo. Ilikuwa Agosti, vumbi limekauka, tumbaku inauzwa, watu wana fedha. Nilivaa kitenge kipya, nikatandika khanga kwenye kiti ili kisichafuke. Mwanangu, nikwambie ambalo sijawahi kukwambia: nililipenda lile gari. Lilikuwa linaingia kwenye shimo na kutoka kama mtumbwi majini. Ndono watoto walitukimbilia wakipiga kelele. Usoke, pale stesheni, wafanyakazi wenzake wa Reli walisimama mstari wakampigia saluti ya utani, na mmoja akaniinamia dirishani akasema, "Shikamoo mama mkubwa." Mimi! Mwaka uleule nilikuwa nauza vitumbua asubuhi. Nilishusha kioo kidogokidogo ili aendelee kuniona.

Tuliporudi ilikuwa jua la saa tisa. Tunakaribia Usoke mshale wa joto ukaanza kupanda, na harufu ikaingia, ile harufu ya maji ya moto yenye utamu, ambayo leo naijua hata nikiwa usingizini. Baba yako akasema, "Inachemsha. Nasimama hapa stesheni, maji yapo."

Nikamwambia, "Siyo hapa. Watu wanatuona. Mbele kidogo."

Maneno yangu hayo, sijayapunguza. Naye akanitazama, akaendelea. Akapita mbele ya wale wenzake akipunga mkono, mshale uko kwenye nyekundu. Hiyo mbele kidogo ikawa porini kabisa, mvuke umefunika kioo, injini ikagonga mara mbili tatu ikazima yenyewe. Tulilala humo. Asubuhi lori la tumbaku likatuvuta mpaka mjini na kamba ya katani, mimi na kitenge changu kipya.

Kilichopasuka kilikuwa mpira wa rejeta wa juu. Mpira tu, wa bei ya kilo chache za sukari. Usoke kulikuwa na fundi baiskeli chini ya mti, angeufunga kwa kipande cha tyubu tukafika nyumbani kwa mwendo wa taratibu. Lakini kwa kuendeshwa bila maji silinda hedi ilipinda. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye treni kwenda Dar kuchongwa na kutafutiwa gasketi. Mwisho wa mwaka zikaja mvua za El Nino, reli ikakatika, mizigo ikalala njiani. Hedi ilipopatikana, ada ya kaka yako ilikuwa imeshakula fedha ya fundi. Mwaka uliofuata ilikuwa ada tena. Kuku wakaona mlango wazi.

Wale wenzake walimtania hadi anastaafu. Walimwita Mbenzi wa Mayai. Akawa anacheka na kuwajibu, "Gari lilikuwa zima, dereva ndiye alikuwa mgeni." Miaka ishirini nimemsikia akijibu hivyo, mbele ya wageni, mbele ya ndugu zangu, mbele yako. Hata siku moja hakusema kwamba mama yenu ndiye alikataa tusimame. Labda alisahau. Sidhani, baba yako alikuwa anakumbuka namba za mabehewa. Sikumuuliza, na sasa amelala kule makaburini, Mungu amrehemu, nani atanijibu?

Ndiyo maana mtu akija dukani akasema Benz ni mbovu, mimi najifanya natafuta chenji. Haikuwa mbovu ile. Na huu msemo wangu wa gari ni spea, nilianza kuusema baada ya Usoke, hebu fikiria. Ukisema gari ni spea, basi kosa ni la reli, na mvua, na umbali wa Dar. Mimi simo. Nimeusema kwa wateja hadi nimeuamini. Hata hivyo ni kweli lakini! Gari ni spea, nitausema hata kesho. Ila siyo ukweli wote, na wewe ni mtoto wangu, siwezi kukuuzia nusu.

Kwa hiyo swali lako naliacha pembeni nakuuliza la kwangu. Siku taa ya joto itakapowaka nyekundu pale Mwenge saa kumi na moja jioni, wenzako wa ofisini wanapita, honi zinakupigia nyuma, utasimama? Ukiwa na IST utasimama papo hapo, nani anatazama IST? Ukiwa na Crown nadhani utasimama. Ukiwa na Benz uliyoinunua kwa mshahara wako wa kwanza, na umeshaiweka picha mtandaoni, sijui. Wewe ni mtoto wa yule dereva, lakini ni mtoto wangu pia.

Sikwambii ununue ipi. Ningekuwa nimeulizwa na mtoto wa jirani ningeshasema tangu mstari wa pili, na unajua ningesema nini. Lakini nikikuchagulia mimi, siku ikiharibika utasimama barabarani ukisema mama ndiye aliyetaka. Mzigo wa aina hiyo umeshabebwa mara moja katika nyumba hii, na aliyeubeba hakustahili. Ila usimalize akiba yote kwenye kununua, hilo nalisema kama muuza spea. Na nitumie namba ya chasisi ya hiyo Benz kabla hujampa dalali hata shilingi ya kishika uchumba.

Jambo jingine. Tulipowauzia wale wa chuma chakavu lile gari, niliwahi kuichomoa ile nyota ya juu ya boneti kwa bisibisi. Iko kwenye kopo la vifungo. Nilitaka kukupa kama ungenunua Benz, nikaichukua nikailinganisha na picha zako, nikaona hiyo C200 nyota yake ni kubwa, imekaa katikati ya grili. Hii ya baba yako haina pa kukaa. Itabaki kwenye kopo.

Kaka yako anakusalimu, shangazi naye. Embe zimeanza.

Mpira wa rejeta wa juu nimeulizia wa magari yote mawili. Wa Crown ninao dukani. Wa Benz nimeuagiza, unafika Jumatano.

Mama yako