Re: Sampuli ya mkojo nyeupe kama maji, niipeleke maabara?

Habari mkuu. Umesema sampuli ya mkojo ya kupima dawa za kulevya imekuja nyeupe pee kama maji, hujui uipeleke maabara au uikatae.

Anza na joto. Lisome ndani ya dakika 4 tangu anayepimwa akukabidhi kikopo. Linatakiwa liwe kati ya nyuzijoto 32 na 38 za Selsiasi. Likiwa nje ya hapo, achukuliwe nyingine papo hapo akisimamiwa, na zote mbili ziende maabara. Muda huo ukipita, kipimajoto hakikusaidii tena.

Rangi peke yake isikufanye umhukumu mtu, wengine hunywa maji mengi kwa woga tu. Ipeleke, wapime kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo: chini ya miligramu 20 kwa desilita, mkojo umezimuliwa. Kreatinini ikiwa chini ya 2, na uzito wa mkojo unakaribia sawa na wa maji ya ujazo ule ule, huo si mkojo wa binadamu. pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ikifika 11, kuna kitu kimetiwa. Nusa pia, klorini haijifichi.

Mimi hutia rangi ya buluu kwenye maji ya choo na kufunga bomba kabla mtu hajaingia, asije akachanganya maji kwenye mkojo. Lakiri ya kikopo ifunge mbele ya macho yake, asaini.